Triodi, ultralinia au pentodi: valvu zilezile, sauti tatu

Tangu nimalize amplifaya ya valvu mbili za EL34 (taa za kioo zinazokuza sauti) hapa Kisumu, kila mgeni anauliza mtindo upi ni mtamu. Valvu hazibadiliki, kinachobadilika ni mahali gridi ya skrini (wavu wa waya ndani ya valvu) inapofungwa.

Hatua 1: Zima, chomoa plagi, kisha maliza chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 yenye klipu za plastiki. Pima mpaka volti ziishe. Yangu hubeba volti 430, si za kuchezea. Mkono mmoja mfukoni.

Hatua 2: Funga skrini kwenye anodi (bati la ndani la valvu) kupitia rezista ya omu 100, umepata triodi. Ifunge kwenye tawi la transfoma ya spika (waya unaotolewa katikati ya koili), asilimia 43 ya koili kwa EL34, ni ultralinia. Wahandisi Hafler na Keroes waliitangaza Marekani 1951. Ipeleke kwenye laini kuu ya volti kupitia rezista, ni pentodi.

Hatua 3: Unganisha spika kabla ya kuwasha, la sivyo transfoma inaweza kuungua. Valvu zikipata joto, pima rezista ya omu 10 kwenye kathodi (ncha inayotoa mkondo wa elektroni) ya kila valvu. Volti 0.4 ni miliampea 40. Rudia kila ukibadilisha mtindo. Bati la ndani likianza kuwa jekundu, zima, usingoje harufu.

Hatua 4: Hapa ndipo nilipojidanganya wiki nzima. Pentodi ilikuwa inashinda kila mara, kumbe inapiga kwa nguvu zaidi tu! Siku hizi nacheza mlio wa hezi 400, mita naiweka kwenye volti za AC pale spika inapoungana, nazungusha voliumu hadi volti 2. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni nusu wati. Mitindo yote mitatu iko sawa hapo, ndipo naweka benga.

Bila fidibaki (sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa nyuma ili kusahihisha makosa), pentodi yangu huacha besi ikining'inia baada ya kidole kutoka kwenye waya, kwa sababu haiishiki spika vizuri. Triodi huishika, na gitaa la solo linatoka safi. Nguvu ndiyo bei yake: wati 15 hivi, ilhali ultralinia hutoa 30 na kitu. Mimi nimebaki na ultralinia.

MASWALI

Kondele: Transfoma yangu haina tawi. Nifanyeje?
Una triodi na pentodi tu. Usijaribu kuifungua utafute tawi.

Nakuru: Kwa hiyo triodi ndiyo klasi A?
Hapana, watu huchanganya sana hapo. Klasi inategemea muda ambao mkondo unapita kwenye valvu. Mtindo ni skrini imefungwa wapi. Klasi A mkondo haukatiki, AB hukatika kwa muda, na triodi ya klasi AB ipo.

Nyamasaria: Jioni stima ikishuka huku, kipimo cha hatua ya 3 kinabadilika.
Lazima. Linganisha mitindo yote kwa kikao kimoja, saa stima imetulia.

Ahero: Bro, triodi itatosha disko matanga?
Wati 15, chini ya hema, na watu wanaimba? Kodisha ya transista.