Homa baada ya kemo: mwongozo kwa wauguzi wa Kigoma

Mgonjwa wa saratani kutoka Kasulu, Kibondo au Uvinza huwekewa dripu ya kemo, yaani dawa za saratani, Bugando (Mwanza) au Ocean Road (Dar es Salaam), kisha anarudi kwao. Chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, na siku hizo zinamkuta nyumbani. Anayempokea akizidiwa ni muuguzi wa zahanati, wa kituo cha afya au wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, si timu iliyompa dawa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kipimajoto, uliza: "Shikamoo mama. Dripu ya saratani uliwekewa mara ya mwisho tarehe ngapi?" Kisha omba daftari la kliniki, uhesabu siku mwenyewe. Wengi hawasemi mapokezi kwamba wana saratani. Husema wana homa tu, wanaandikiwa kipimo cha malaria, wanaondoka na vidonge. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Joto la 38.3 mara moja, au 38.0 linalodumu saa nzima, kwa mtu aliyepata kemo karibuni, ni dharura sawa na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Kwapani kipimo husoma chini kidogo, kwa hiyo 37.5 ya kwapani ichukulie kama onyo, upime tena baada ya muda mfupi. Usipime njia ya haja kubwa: mchubuko mdogo tu unaingiza bakteria kwenye damu isiyo na askari. Pima kabla ya kutoa paracetamol, maana ikishamezwa huwezi tena kujua ukubwa wa tatizo. Na kumbuka, anayetumia dawa za steroidi kama prednisolone au deksamethasoni anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kabisa. Ukiona baridi inayotetemesha, mapigo ya haraka, shinikizo la damu lenye namba ya juu iliyo chini ya 90, au mgonjwa anaongea ovyo, usisubiri joto lipande.

mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, pima, ndiyo. Lakini jibu chanya lisikutulize. Kipimo hicho kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na hapa Kigoma watu wengi wana vimelea bila kuumwa. Ikiwa chanya, tibu malaria na maambukizi ya bakteria kwa pamoja.

Dozi ya kwanza ya antibayotiki iingie kwenye mshipa ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike. Weka kanula, chukua damu ya FBP (hesabu ya chembe za damu), na ya kuotesha bakteria maabara kama chupa zipo, kisha mpigie daktari ukiwa umeshaandaa. Usisubiri majibu ya maabara. Dawa inayofaa zaidi ni ile inayoua pia bakteria sugu wa hospitali, kama piperacillin-tazobactam au meropenem. Zisipokuwepo, daktari huanza na seftriaksoni 2 g kwa mtu mzima na kuongeza jentamaisini, huku rufaa ikiandaliwa. Mkumbushe daktari kama mgonjwa alipewa cisplatin, mojawapo ya dawa za kemo, kwa sababu dawa hiyo na jentamaisini zote zinaumiza figo. Seftriaksoni usiipitishe kwenye mpira mmoja na maji ya dripu ya Ringer.

Usimchome diclofenac ya tako. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zikiwa chini, sindano ya msuli huvuja damu ndani, kisha hugeuka jipu. Usitegemee usaha pia: usaha hutengenezwa na chembe nyeupe, naye hana. Kidonda kinachouma bila kuvimba, au koo linalouma bila madoa, vinatosha kukutia shaka.

Mdomo hufuata. Vidonda huanza siku ya 5 hadi ya 10. Chemsha maji lita 1, yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha baikaboneti ya kupikia. Asukutue kila baada ya saa 4 na kutema. Sisitiza baikaboneti ya dukani. Magadi ya mawe na magadi soda ya sabuni yanaunguza. Mswaki uwe laini. Uji uliopoa na mchuzi wa migebuka vinapita. Pilipili, limao na dagaa wakavu waache kwanza. Utando mweupe ukionekana ni fangasi: nistatini 5 ml mara nne kwa siku, aizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Asiyeweza kumeza maji alazwe.

Kutapika huzuiwa kabla hakujaanza. Vidonge alivyopewa avimeze kwa saa, hata kama leo hajisikii vibaya, kwa sababu cisplatin inaweza kutapisha hadi siku ya tano. Ondansetroni hufunga choo; ikiambatana na vincristine (dawa ya kemo) au morfini ya maji, anza dawa ya kulainisha choo siku ileile. Morfini bila dawa ya choo ni mateso mapya.

Kuhara: ORS kwanza. Loperamide 4 mg, kisha 2 mg baada ya kila choo cha maji, isizidi 16 mg kwa siku, kwa mtu mzima tu. Usitoe kama kuna homa, damu kwenye choo au tumbo gumu, na huku mwambao wa ziwa kumbuka kipindupindu.

Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya doxorubicin, dawa nyingine ya kemo, ni rangi ya dawa, mtulize mgonjwa. Baada ya cyclophosphamide, nayo ya kemo, unaweza kuwa damu ya kibofu, basi apimwe.

Aliyepigwa mionzi, usitafute wekundu kwenye ngozi nyeusi. Tafuta ngozi iliyozidi weusi, yenye joto, kavu, inayobanduka kwenye mikunjo. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ikaushwe kwa kugusagusa, isibanwe na sidiria wala kanga. Asifute alama alizochorwa.

Ndugu wanaomuuguza wavae glavu wanaposhika mkojo, choo au matapishi kwa saa 48 baada ya dripu, nguo zifuliwe peke yake, na mjamzito asizishike.

Jambo la mwisho linahusu nauli. Siku mbili kabla ya safari ya mzunguko unaofuata, rudia FBP. Kwa tiba nyingi, nyutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) zikiwa chini ya 1.5 au chembe sahani chini ya 100 kwenye karatasi ya FBP (×10⁹/L), dozi huahirishwa. Piga simu kliniki, soma majibu, uandike kwenye daftari walichoamua, ndipo mgonjwa akate tiketi.