Batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo: kutambua ugonjwa na kupata mbegu safi

Muhogo unaweza kusimama shambani mrefu na wa kijani, mwenye shamba akaupigia hesabu ya magunia, kisha siku ya kung'oa akakata mzizi na kukuta ndani umejaa mabaka magumu ya kahawia. Hiyo ni michirizi ya kahawia. Mwenzake, batobato, hujionyesha mapema kwenye majani, ila naye hupunguza mavuno vilevile. Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuunyunyizia wala ya kuumwagia itakayouponya. Kazi ya mkulima basi ni kuujua mmea mgonjwa na kuhakikisha shina lake haliwi mbegu ya msimu ujao.

Batobato lilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kwenye milima ya Usambara. Michirizi ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, hukohuko Usambara. Kwa miaka mingi michirizi ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa maeneo yaliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Tangu mwaka 2004, ulipoonekana Uganda kwenye maeneo ya juu zaidi ya hapo, umeenea kuzunguka Ziwa Victoria. Mkulima wa Kagera, Mwanza au magharibi mwa Kenya anapaswa kuukagua sawa na yule wa Mkuranga au Kilifi.

Batobato: anza juu

Tazama majani machanga ya kileleni. Jani lenye batobato lina mabaka ya manjano au ya kijani kilichopauka yaliyochanganyika na kijani cha kawaida. Upande mmoja wa jani haufanani na mwingine. Ndimi za jani hujikunja, huwa nyembamba, na jani zima hudumaa. Ugonjwa ukiwa mkali mmea hubaki mfupi kama kichaka. Mizizi yake huwa michache na myembamba, ila haiozi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliangalii: dalili zinaanzia wapi? Mche ukionyesha batobato tangu majani ya kwanza kabisa baada ya kuchipua, ugonjwa uliingia na pingili uliyopanda. Majani ya chini yakiwa safi na ya juu yakawa na mabaka, basi inzi weupe, wadudu wadogo wanaofyonza majani, ndio walioleta ugonjwa shamba likiwa limeshaota. Zunguka shamba likiwa na umri wa wiki 4 hadi 6 uhesabu kila aina. Ikiwa wengi ni wa aina ya kwanza, badilisha mahali unapochukua mbegu. Ikiwa wengi ni wa aina ya pili, mbegu yako ilikuwa nzuri, lakini shamba liko karibu mno na mihogo migonjwa au aina uliyopanda haihimili ugonjwa.

Michirizi ya kahawia: inama utazame chini

Hapa ndipo wakulima wanapokosea zaidi, kwa kuwa wamezoea kutazama kilele, na kileleni michirizi huonekana kwa nadra. Dalili zake ziko kwenye majani yaliyokomaa, ya chini na ya katikati. Utaona umanjano unaofuata mishipa midogo ya jani, kisha unatanuka kuwa mabaka, huku sehemu nyingine za jani zikibaki za kijani. Jani halijikunji wala halidumai. Usilichanganye na jani lililozeeka, ambalo hugeuka manjano lote na kuanguka.

Kisha kagua shina kuelekea juu. Sehemu ya shina iliyo bado ya kijani huweza kuwa na michirizi au madoa ya kahawia au ya zambarau. Kwenye aina zinazoshambuliwa sana, ncha za matawi hukauka kuelekea chini. Wakati mzuri wa kukagua ni miezi 3 hadi 6 tangu kupanda, majani ya chini yakiwa bado yapo. Ukingoja kiangazi kikali yatakuwa yameshapukutika, na hutaona kitu.

Hakimu wa mwisho ni mzizi. Ukate mara 4 au 5 kwa upana, toka shingoni hadi mkiani, maana doa linaweza kuwa sehemu moja tu. Oza la michirizi ni kavu na gumu, la manjano iliyoiva au kahawia, na kwa nje mzizi huenda ukawa umebanwa kama uliofungwa kamba. Mzizi uliooza kwa maji kutuama huwa laini, wenye majimaji na harufu mbaya. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni matuta au shamba lisilotuamisha maji.

Vinavyofanana na magonjwa haya

Utitiri wa kijani ndio unaowachanganya watu kuliko vyote. Huacha vidoa vidogo vilivyopauka kama vya sindano, vimetapakaa kwenye majani machanga, na jani husinyaa. Geuza jani utazame chini yake kwa lenzi, utawaona wadudu wenyewe. Utitiri hushamiri kiangazi, na mvua ikirudi majani mapya hutoka safi. Majani ya batobato hayarudi kuwa safi kwa sababu ya mvua. Kidung'ata hukusanya majani ya kileleni yakawa kama fundo, na huacha unga mweupe. Upungufu wa zinki huweka madoa meupe kati ya mishipa, yaliyopangika sawasawa pande zote mbili za jani, na kwa kawaida hupatikana kwenye eneo zima la shamba, si kwenye mmea mmoja katikati ya wenzake wazima.

Mwenye simu ya Android anaweza kutumia programu ya Nuru ya PlantVillage. Inasema Kiswahili, inafanya kazi bila intaneti shambani, na imefundishwa kutambua batobato, michirizi na madhara ya utitiri wa kijani. Ipime kwa majani kadhaa ya mmea mmoja, wala usitoe hukumu kwa jani moja. Hata ikikuambia majani ni mazima, mzizi bado lazima ukatwe.

Inzi weupe na suala la dawa

Inzi weupe wanakaa chini ya majani machanga. Tikisa kilele utawaona wakiruka. Wakiwa wengi, majani ya chini huwa na masizi meusi yanayoota juu ya umajimaji wao mtamu. Inzi aliyebeba batobato anaweza kuendelea kuambukiza kwa siku kadhaa, hivyo hulipeleka mbali. Virusi vya michirizi humtoka haraka zaidi, ndani ya muda usiozidi siku moja hivi. Kwa sababu hiyo michirizi husambaa hasa kwa mihogo jirani, na inapokwenda wilaya nyingine, karibu kila mara imesafiri ndani ya mzigo wa mashina uliobebwa na binadamu.

Hatushauri kunyunyizia shamba la chakula dawa ya wadudu kwa ajili ya inzi hawa. Inzi mgeni hufyonza na kuambukiza kabla dawa haijamuua, wadudu rafiki hufa, na fedha haziwezi kurudi kwa bei ya muhogo.

Kuchagua mbegu siku ya kung'oa

Mazoea ya wengi ni kukata mashina kwanza, kuyarundika pembeni, kisha kung'oa mizizi. Rundo likishachanganyika huwezi tena kujua shina lipi lilitoka kwenye mzizi upi. Geuza mpangilio huo:

1. Mmea ukiwa na miezi 4 hadi 6, pita mstari kwa mstari. Funga utepe wa kitambaa kwenye mimea isiyo na dalili hata moja, juu wala chini.
2. Wakati wa mavuno, anza na yenye utepe. Ng'oa mmea mzima pamoja na shina lake.
3. Kata kila mzizi mara 4 au 5. Ukiona doa, hata dogo, shina hilo si mbegu.
4. Mizizi yote ikiwa safi, chukua sehemu ya katikati ya shina. Acha ncha laini ya kijani na kisiki kigumu cha chini.
5. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho 5 hadi 7, kutoka kwenye mimea yenye umri wa miezi 8 hadi 12.

Ekari moja kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1 inataka pingili 4,000 hivi. Ukihesabu pingili 10 kwa kila mmea, unahitaji mimea safi 400. Funga utepe kwenye 600, kwa sababu mizizi itaikataa mingine. Ukishindwa kufikisha idadi hiyo, usijazie kwa mimea yenye dalili. Panda eneo dogo zaidi, au nunua mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu, kutoka kwa mzalishaji anayejulikana. Afisa ugani, au kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kama Kibaha, Naliendele au Ukiriguru, anaweza kukuelekeza. Kenya ulizia KALRO, taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mifugo, na Uganda kituo cha utafiti cha Namulonge.

Ukikata mashina ya wengi kwa panga moja, lifute kwa Jik sehemu 1 na maji sehemu 9, kisha lisuuze lisishike kutu. Ni tahadhari tu. Pingili na inzi ndio njia kuu.

Baada ya kupanda

Panda mbali na shamba kuukuu la muhogo kadiri eneo linavyoruhusu. Kwa shamba la mbegu tafuta mita 100 au zaidi. Ng'oa maotea ya msimu uliopita. Pwani angalia pia mipira, ile miti ambayo wengi huchuma kisamvu chake: ni jamaa wa muhogo, huhifadhi virusi na inzi mwaka mzima, na haifai kuwa ua wa shamba la mbegu.

Kagua kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo na ung'oe wagonjwa. Anika mimea hiyo juani mpaka ikauke kabisa au ichome, maana shina lililotupwa pembeni litachipua. Kung'oa kunalipa wagonjwa wakiwa wachache. Zaidi ya mmoja kati ya watano wakiwa wanaumwa, liache shamba liwe la chakula na usichukue mbegu humo.

Kuhusu aina, chagua zilizothibitishwa kwa eneo lako. Tanzania bara kuna Kiroba, Mkuranga 1, Kipusa, Chereko na Mkumba. Zanzibar kuna Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Uganda kuna NASE 14 na NAROCASS 1. Elewa lakini kwamba aina kadhaa zinavumilia tu. Kiroba, kwa mfano, hubeba virusi vya michirizi huku mizizi yake ikiharibika kidogo. Kiroba iliyoambukizwa ikipandwa kando ya aina ya Albert, isiyohimili ugonjwa, Albert ndiyo itakayoteketea. Kwa hiyo mbegu ya aina inayovumilia nayo ikaguliwe mzizi kwa mzizi.

Shamba lenye michirizi usiligeuze ghala la kuhifadhi mizizi ardhini. Oza huongezeka kadiri mmea unavyokaa, hivyo ng'oa kwenye miezi 8 au 9 hata kama mizizi ingeweza kunenepa zaidi. Virusi hivi haviambukizi watu. Kata sehemu yenye doa uitupe, pamoja na sentimita moja au mbili za nyama nyeupe kandokando yake, kwa sababu huwa chungu na haiivi. Kilichobaki pika, au menya ukaanike makopa wiki hiyohiyo.