Namna ya Kuutembea Mji Mkongwe kwa Siku Moja

Wageni wengi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wakishateremka bandarini Malindi huelekea moja kwa moja Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari, kwa kuwa ni karibu na ndiko wanakokusikia zaidi. Ushauri wangu ni kwamba Forodhani iwe ya mwisho, na matembezi yaanzie Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, asubuhi na mapema, wakati samaki bado wananadiwa na jua halijawa kali.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kanisa la Anglikana lilijengwa papo hapo, na inaelezwa kuwa altare yake iko mahali uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Uani mna shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa mnyororo shingoni. Hapo si mahali pa kupigia picha za kuchekacheka.

Baada ya hapo ingia vichochoroni kwa miguu, kwani gari halipiti. Utapotea, na wala si neno, kwa sababu upande mmoja utatokea baharini na upande wa pili utatokea barabara ya Darajani. Tazama milango: wenye kichwa kilichopinda kama upinde kwa kawaida ni wa Kihindi, na wenye kichwa kilichonyooka ni wa Kiarabu. Isogelee miimo yake uone mnyororo uliochongwa pembeni na, mara nyingine, samaki chini kabisa. Ukiwakuta wazee barazani, toa salamu kwanza, kisha omba ruhusa ya kupiga picha. Njia panda ya Jaws Corner hukosi kahawa chungu ya kikombe kidogo, nayo hunywewa kwa kashata.

Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liangalie kwa nje, kwani sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jirani yake ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno. Kisiwa cha Changuu, chenye makobe wakubwa, kinataka mashua na nusu siku nzima, kwa hiyo kiachie siku nyengine.

Jua likizama, meza za vyakula huwa zimeshapangwa Forodhani. Ulizia bei kabla mishkaki haijawekwa motoni, na kama tumbo lina nafasi ya kitu kimoja tu, mimi ningechagua urojo, yaani mchuzi mzito wenye viazi na bajia.