Namna ya kuupatia mradi wa afya ya jamii fedha za kudumu: kwa vikundi vya Mtwara na Lindi

Kabla hamjaandika andiko lolote la kuomba fedha, tenganisheni daftarini gharama zinazolipwa mara moja, kama ununuzi wa kiti cha magurudumu, na zile zinazorudi kila mwezi, yaani posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mafuta ya pikipiki na nauli ya mgonjwa asiyejiweza. Fedha za mfadhili zinafaa kwa gharama za kwanza. Za pili zitafutiwe chanzo cha karibu, kwani mfadhili akiondoka, mzee aliyelala kitandani hapati tena wa kumpigia hodi.

Katika mikoa hii chanzo hicho ni korosho. Minada huanza takriban Oktoba, na malipo ya mkulima hupitia chama cha msingi cha ushirika, ambako makato huwa yameshakubaliwa. Kwa hiyo ombi lenu lifike kwenye mkutano mkuu wa wanachama kabla ya msimu. Likiletwa Novemba, mmepoteza mwaka. Ombeni kidogo. Chama kinachokusanya tani 400 kikitenga shilingi 5 kwa kila kilo kinapata shilingi 2,000,000, ambazo kwa kiwango cha zamani cha CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, zingezikatia bima kaya 66. (Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imebadili mambo, hivyo ulizeni zahanati kiwango cha sasa.) Nendeni na hesabu kama hiyo pamoja na orodha ya kaya iliyopitishwa na mkutano wa kijiji, maana swali la kwanza, na huulizwa kwa ukali, ni nani aliyewachagua hao. Orodha itaje kaya isiyo na uwezo tu. Ugonjwa wa mtu hausomwi mkutanoni.

Msiitegemee korosho peke yake. Msimu wa 2018/19, serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri sana malipo yao. Wekeni akiba ya mafuta na posho ya angalau miezi minne.

Kwa upande wa halmashauri, mwaka wa fedha huanza Julai 1 lakini vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo pitieni kamati ya zahanati na kamati ya maendeleo ya kata ili shughuli yenu iingie katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, ingawa hauna riba: uchukueni kwa ajili ya mradi wa kuzalisha, kamwe si kulipia posho.

Mwisho, kila robo mwaka bandikeni mapato na matumizi ukutani zahanati, hadi lita za mafuta na safari zilizoyatumia, wiki moja kabla ya mkutano wa kijiji, ili atakayeuliza awe ameshasoma.