Jinsi ya kuandaa jedwali la ulinganifu kati ya sheria ya nchi na Agizo la Umoja wa Ulaya

Agosti 2002, mama mmoja nchini Ujerumani aliletewa jiko alilonunua kwa kampuni ya Quelle. Mwanzoni mwa 2004 akakuta enameli ya ndani ya oveni imebanduka. Halikutengenezeka, akapewa jipya, kisha akadaiwa karibu euro 70 kwa sababu lile bovu alikuwa amelitumia. Sheria ya Ujerumani iliruhusu dai hilo, ingawa Agizo 1999/44 la Umoja wa Ulaya lilitaka mnunuzi abadilishiwe bidhaa bila malipo yoyote. Kila ninapomfundisha mtu kuandaa jedwali la ulinganifu, yaani jedwali linaloonyesha kama kila sharti la Agizo limo katika sheria ya nchi, naanza na jiko hilo, maana linaonyesha kosa linakojificha.

Hatua ya 1: Tambua aina ya sheria uliyonayo

Kanuni ya Umoja hutumika moja kwa moja katika nchi wanachama, kwa hiyo haihitaji kuandikwa upya. Agizo huifunga nchi kwa matokeo na kuiachia njia ya kuyafikia (Ibara ya 288 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya). Nchi inayosubiri uanachama, kama Montenegro au Albania, huingiza maudhui ya vyote viwili katika sheria zake za ndani.

Hatua ya 2: Pata matini sahihi

Ingia EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, tafuta kwa namba ya CELEX, yaani namba ya utambulisho wa kila hati. Agizo la sasa la mauzo ya bidhaa kwa walaji ni 32019L0771: 3 ni sheria, 2019 ni mwaka, L ni Agizo. Toleo lililounganishwa na marekebisho linasomeka kwa urahisi, lakini lenye nguvu ya kisheria ni lile la Gazeti Rasmi la Umoja. Fungua lugha mbili au tatu sambamba. Lugha rasmi ni 24 na zote zina hadhi sawa. Neno likikutatiza katika moja, mara nyingi lugha nyingine italifungua.

Hatua ya 3: Pima uhuru wa nchi

Agizo la 1999 liliweka kiwango cha chini, nchi ikaweza kumlinda mlaji zaidi. La 2019, kwa Ibara ya 4, limefunga mlango huo isipokuwa pale lenyewe linapoufungua. Ibara ya 10 inaweka dhamana ya miaka 2 lakini inaruhusu zaidi, na Hispania na Ureno zimechagua 3. Ibara ya 11 inasema kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka 1 huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo. Nchi inaweza kuweka miaka 2, kama ilivyofanya Ufaransa. Sehemu hizi zipake rangi yake. Hapo waziri ndiye mwenye uamuzi, na mtafiti anapaswa kumwonyesha wazi.

Hatua ya 4: Jaza jedwali

Igawe kila ibara katika sentensi, kila sentensi na mstari wake. Safu za kawaida ni nne: maneno ya Agizo, kifungu cha nchi, kiwango cha ulinganifu, maelezo. Mimi naongeza ya tano: vifungu vinavyorejewa. Sababu ni lile jiko.

Kifungu cha 439 cha Sheria ya Madai ya Ujerumani (sheria kuu ya mambo ya kiraia), aya ya 2, kilisema gharama za kurekebisha kasoro ni za muuzaji. Ukiishia hapo utaandika "kinalingana kikamilifu" na utalala usingizi. Aya ya 4 iliongeza kwamba muuzaji akitoa kitu kipya anaweza kudai kile kibovu kwa mujibu wa vifungu vya 346 hadi 348. Fuata njia hiyo: cha 346 kinamtaka anayerudisha kitu alipie na manufaa aliyoyapata kwa kukitumia. Euro 70 zilitokea huko, vifungu vingi kabla ya kile kilicholinganishwa. Maelezo ya mswada wa sheria hiyo yalikuwa yamekusudia hivyo, tena yakidai Agizo halijavunjwa. Kwa hiyo soma na maelezo ya mswada, usiyaamini tu.

Hatua ya 5: Soma hukumu

Tarehe 17 Aprili 2008, katika shauri la jiko hilo, C-404/06, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mlaji hadaiwi malipo ya kutumia kile kibovu. Mwezi Desemba mwaka huohuo Ujerumani ikarekebisha sheria. Leo jambo hilo limeandikwa katika Ibara ya 14(4) ya Agizo la 2019.

Hatua ya 6: Tazama nchi nyingine

EUR-Lex huorodhesha sheria ambazo kila nchi imeziwasilisha kutekeleza Agizo. Orodha hiyo ni taarifa ya nchi yenyewe, si cheti cha usahihi. Tafuta kwa tatizo, usitafute kwa jina la kifungu: Ufaransa, mnunuzi ana pia njia ya zamani ya kasoro zilizofichika katika Sheria ya Madai, na ukisoma sheria ya walaji pekee hutaiona.

Hatua ya 7: Pitisha jiko kwenye mswada

Katika mswada unaoupima, chukua mnunuzi mmoja, mfuate tangu anapolipa hadi anapopata jiko jipya, na kila kituo uliza nani anatoa pesa. Nani analipa usafiri? Nani anaondoa vigae vibovu ambavyo fundi ameshavibandika sakafuni? Hilo la vigae nalo lilifika mahakamani, likaamuliwa Juni 2011: gharama ya kuving'oa na kubandika vipya ni ya muuzaji. Mswada usipojibu, rudi Hatua ya 4.