Somo: Namna ya kuchagua oili ya baa na cheni ya chenso

Wakuu, habari za kazi. Swali la oili ya cheni linarudi kila mara, na jibu lake huwa lilelile: "Weka yoyote, si inamwagika tu?" Inamwagika, ni kweli. Lakini kabla ya kumwagika inapita kwenye chuma kinachokimbia sana, na baa nyingi (yale mabapa ya chuma yanayobeba cheni) zinakufa hapo. Naandika nikiwafikiria wanaokata huku kwetu Moshi, kuanzia vihamba (mashamba ya nyumbani ya kahawa na migomba) vya Kibosho na Machame hadi mashamba ya miti ya West Kilimanjaro. Wa Arusha nanyi mumo, Tengeru mpaka Olmotonyi.

Kwanza tuelewe mfumo. Kwenye gari oili inazunguka na kurudi chini ya injini. Kwenye chenso hairudi. Pampu ndogo karibu na klachi inaisukuma hadi kwenye tundu la baa, kisha meno ya ndani ya cheni yanaikokota kwenye mfereji mpaka kwenye ncha. Resi ikiwa juu, cheni inakimbia mita 20 kwa sekunde na zaidi, yaani mwendo wa gari la kilomita 70 kwa saa. Ikifika kwenye ncha inageuka ghafla, na oili nyepesi inarushwa yote palepale. Upande wa chini wa baa, ambao ndio unakata, unabaki mkavu. Ndiyo maana oili halisi ya cheni inatiwa dawa ya kunata. Utelezi hata maji ya sabuni yanao. Unachonunua ni kunata.

Hatua ya 1: Jua kazi yako.
Kupogoa migrevilea ya kivuli kwenye kahawa ni kazi nyepesi: unakata, unapumzika, unahama. Kuangusha mikaratusi ni kazi ya kati. Kupasua mbao kwa chenso ndiyo mtihani, maana baa nzima inazama ndani ya gogo kwa dakika nyingi na joto halina pa kutokea. Mwenye kazi hii asibane pesa ya oili, abane kwingine.

Hatua ya 2: Chagua uzito.
Kwa hali ya hewa yetu, oili ya cheni yenye uzito wa namba 30 inatosha karibu mwaka mzima, hata Julai kule juu asubuhi mnapovaa makoti. Ukipasua mbao, au unakata Moshi chini mwezi Februari, panda hadi 40. Usichanganye dizeli wala mafuta ya taa ili "itiririke vizuri". Itatiririka kweli, mpaka nje.

Hatua ya 3: Pima kwa vidole.
Tone moja kati ya dole gumba na cha shahada, bana, kisha achanisha taratibu. Ya cheni inavuta uzi mrefu kabla ya kukatika. Ya kawaida inakatika mara moja. Kipimo hiki nakiamini kuliko lebo, kwa sababu dumu zuri linaweza kujazwa upya na mtu yeyote, na rangi nyekundu ni rangi tu.

Hatua ya 4: Angalia inaangukia wapi.
Tangi zima ulilotia asubuhi, jioni liko kwenye maranda, kwenye udongo na kwenye suruali yako. Ukikata kando ya mfongo unaopeleka maji kwa jirani, au katikati ya kahawa na migomba, oili ya mimea inayooza haraka ndiyo ya kiungwana. Watengenezaji wa chenso Stihl na Husqvarna wote wanazo. Zina bei, na madukani kwetu si za kila siku, ila kwa kazi ya kihambani unatumia kidogo.

Hapohapo niseme kuhusu oili chafu, kwa sababu najua nusu yenu mnaitumia. Inapatikana bure au kwa bei ya soda kwenye kila gereji, na ni nyeusi, nzito kwa macho. Lakini ile ni oili iliyokwisha kazi: ina masizi, ina asidi, ina vumbi la chuma la injini nyingine, na haina kunata. Vumbi lile linapita kwenye pampu ya plastiki na kwenye mfereji wa baa, likisaga polepole. Halafu kuna mwili wako. Vitabu vya Stihl vinaikataza waziwazi na kutaja saratani ya ngozi kwa anayeigusa mara kwa mara. Fikiria sasa mpasua mbao, ambaye kutwa nzima inamrukia mikononi na mapajani, jioni anabeba mtoto na nguo zilezile. Bei ya baa na cheni mpya unaijua. Ilinganishe na dumu la lita 5 uone ulichookoa.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kukata.
Washa, elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe au kipande cha boksi, acha nafasi ya kama sentimita 20, vuta resi robo tatu. Ndani ya dakika moja uone mstari wa oili. Usipouona, usikate. Na kila unapojaza petroli, jaza na oili. Matangi yamepangwa petroli iishe kwanza na oili ibaki kidogo. Petroli ikiisha na oili iko palepale, kuna mahali pameziba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Niko Sanya Juu, oili ya cheni hakuna. Dukani kuna ya injini namba 40 na ya gia namba 90. Nichukue ipi? Hiyo 90 si nzito mno?

Jibu: Marahaba kijana. Namba za gia na za injini ni mizani mbili tofauti. Ya gia 90 iko karibu na ya injini 40 au 50, kwa hiyo usiiogope. Husqvarna wenyewe wanaruhusu oili ya gia EP 90 pale ambapo ya cheni haipatikani. Harufu yake inakera, na ukipogoa karibu na nyumba utaulizwa. Ya injini 40, ikiwa mpya, itakuvusha pia, ila inarushwa haraka; ongeza mtiririko kama mashine yako ina skrubu ya pampu chini, na punguza kukandamiza.

Swali: Mkuu unatisha watu bure. Mimi napasua mbao Rombo, miaka yote natumia oili chafu, naichuja kwa kitambaa. Baa ninayo.

Jibu: Sibishi kwamba unayo kaka. Fanya hivi leo: toa cheni, pitisha kidole taratibu kwenye kingo mbili za mfereji. Kama kuna makali yaliyochomoza pembeni, kingo zimekwisha kupigwa. Kisha rudisha cheni, ikamate, iyumbishe kulia na kushoto. Ikilala sana upande mmoja, mfereji umepanuka, na bila shaka mbao zako zinatoka zimepinda huku ukilaumu tupa. Kitambaa kinazuia takataka unazoziona. Masizi na asidi vinapita.

Swali: Mafuta ya alizeti je? Huku kwetu tunakamua wenyewe.

Jibu: Yanafanya kazi, na kwa udongo ni salama kuliko oili ya injini au ya gia. Shida ni mbili. Ya kukamua nyumbani yana machicha yanayoziba filta, kwa hiyo yaache yatulie siku kadhaa, uchukue ya juu tu. La pili, alizeti ikikaa kwenye chuma inaganda kama gundi. Ukiacha chenso wiki mbili, cheni inashikana na baa na pampu inakwama. Ukimaliza kazi, mwaga yote, weka oili ya kawaida kidogo, iendeshe dakika chache, ndipo uhifadhi. Anayekata kila siku hataiona shida hii. Anayekata mara moja kwa msimu ataiona.

Swali: Mimi ni mama wa Usa River, nina chenso ndogo ya umeme ya kupogolea miparachichi. Nayo inataka oili? Aliyeniuzia alisema haihitaji.

Jibu: Inahitaji mama. Umeme umeondoa petroli na oili ya 2T (ile inayochanganywa na petroli). Cheni bado inasuguana na baa vilevile. Angalia ubavuni, nyingi zina kitangi kidogo chenye alama ya tone na cheni. Kama haina kabisa, dondoshea oili kwenye cheni kwa mkono kila baada ya matawi machache, betri ikiwa imetolewa.

Swali: Yangu inavuja ikiwa imelala stoo. Asubuhi kuna dimbwi.

Jibu: Kidogo ni kawaida, hasa ikihifadhiwa na tangi limejaa: joto linapanda, hewa ya ndani inasukuma oili. Na iliyobaki kwenye baa lazima idondoke. Dimbwi kubwa ni jambo jingine. Kagua mpira wa kifuniko na bomba dogo linalotoka tangini kwenda kwenye pampu. Likipasuka linabadilishwa, halizibwi na gundi.

Swali: Nimefanya jaribio la boksi, hakuna mstari. Tangi limejaa.

Jibu: Anza na rahisi. Zima, toa kifuniko cha pembeni, toa baa. Safisha tundu la oili kwenye baa kwa waya mwembamba na kwangua mfereji wote, utashangaa uchafu utakaotoka. Kabla ya kurudisha baa, iweke mashine chini, washa kwa resi ndogo uone kama oili inatoka kwenye mashine yenyewe. Mkono usikaribie klachi. Ikitoka, tatizo lilikuwa baa. Isipotoka, vuta filta ndani ya tangi kwa waya wenye ndoano, ioshe kwa petroli. Bado? Ni pampu, peleka kwa fundi. Ukirudisha baa, igeuze juu chini ili ilike sawa pande zote.

Swali: Kijana wangu katia petroli yenye 2T kwenye tangi la oili, akakata gogo moja kabla sijamwona. Nimeua mashine?

Jibu: Injini haijaguswa, tulia. Mwaga tangi lote, weka oili kidogo, tikisa, mwaga tena, kisha jaza. Igusie cheni oili kwa mkono kabla ya kuwasha, halafu fanya jaribio la boksi. Tazama baa: ikiwa imegeuka rangi ya bluu sehemu fulani, pale chuma kimeungua na kitalika haraka. Kama haijageuka, endelea na kazi, na vifuniko vya matangi vipake rangi tofauti.