Namna ya kufwata badepite ba kaunti moja ya Ayalandi ya zamani: tukamate Wexford

Bon, kama uko ku fak hapa Bukavu na prof anakupa TP (kazi ya kufanya) juu ya parlema za zamani, usikimbilie Ufaransa sawa bote. Kamata Ayalandi ya mbele ya 1801, halafu kaunti moja tu. Miye nakuambia Wexford, iko kusini-mashariki, haiko kubwa lakini mambo yake ni mingi.

Hesabu viti mbele ya kutafuta majina. Batu bengi banasoma "kaunti, badepite 2" banafunga kaye. Ni kweli kila kaunti ilitumaka 2 ku Dublin, lakini ndani ya kaunti mulikuwa miji yenye charta ya mfalme (karatasi yake ya kuipa haki) na kila muji nayo ilikuwa na 2 yake. Wexford ilikuwa na miji 8: Wexford yenyewe, New Ross, Enniscorthy, Gorey, Taghmon, Fethard, Clonmines na Bannow. Kwa hiyo andika 18. Inchi muzima ilikuwa kaunti 32, miji 117 na iniversite ya Trinity, zidisha mara 2, unapata 300.

Sasa uliza bale 18 balichaguliwa na nani, hapa njo TP inakuwa tamu. Kwetu, ku viti 500 vya bunge ya taifa kule Kinshasa, teritware inapewa viti kufwatana na batu benye balijiandikisha. Kule 2 ni 2, hata kama mu muji hamuna mutu. Na hamukukuwa! Bannow ilifunikwaka na muchanga, Clonmines ilibakia mabomoko tu, na bado zilituma badepite mpaka 1800, juu mwenye udongo alikusanya batu bake kidogo banaweka jina ya mutoto wake ao ya shemeji, kwisha. Kwa hiyo usiandike "batu ba Bannow balichagua", andika familia yenye ilishika ule muji mu mukono. Ku kiti ya kaunti angalau kulikuwa mapambano: mwenye shamba ya kuingiza shilingi 40 ku mwaka alikuwa na kura, alisema jina kwa kinywa mbele ya bote (kura ya siri ilikuja paka 1872, wazia namna bwana-shamba alikuwa anamuangalia). Wakatoliki, na njo balikuwa bengi, balinyanganywa kura 1728, bakarudishiwa 1793, lakini kuikala mu ile parlema yenyewe, hapana.

Kisha panga miaka, na hapa uende polepole. Mpaka 1752 mwaka mupya ilianzaka tarehe 25 mwezi wa tatu, kwa hiyo karatasi ya februari 1692 inaweza kuandikwa 1691. Manda (muda ya depite) nayo haikukuwa na mwisho ya kujulikana: parlema ya mfalme George II ilianza 1727 ikaenda mpaka alikufa 1760, sheria ya miaka 8 ilikuja 1768. Ukiona jina inabadilika katikati, jua mutu alikufa, ao alirithi cheo akapanda ku nyumba ya malodi, ao alichaguliwa miji mbili akaacha moja. Na baba na mutoto banaitwaka jina moja, sana sana kwa ba-Loftus, ba-Tottenham na ba-Colclough, tia tarehe ya kuzaliwa pembeni ya kila jina.

Kwa ba-Tottenham, usisahau Charles wa New Ross: banasemaka 1731 alikimbiza farasi usiku muzima, akaingia mu parlema na mabuti ya matope wakati bengine balivaa vya heshima, na kura yake njo ilizuia pesa ya Ayalandi isipelekwe London. Weka ile, lakini weka na "banasema".

Ku tablo yako acha kolone ya kisha ya 1801, wakati parlema ya Dublin ilifungwa na badepite bakatumwa London. Wexford ilishuka ku 4: kaunti 2, Wexford muji 1, New Ross 1. Miji 6 ilifutwa na benyewe bakalipwa paundi 15,000 kwa kila muji, hata kwa ule muchanga wa Bannow.

Karatasi za asili usizisumbukie sana, nyingi ziliungua ku Four Courts, nyumba ya tribinali kule Dublin, tarehe 30 mwezi wa sita 1922 mu vita. Tafuta jurnali za parlema zenye zilichapishwa tangu zamani, ziko ku intaneti bure, lakini fayilo ni nzito, telesharje usiku wakati mega ni bei ya chini.